Maji ya Kaskazini mwa Kenya Miaka Ijayo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa pampu, si profesa. Lakini kwa hii kazi huwa naitwa kwa vikao vya maji vingi sana, nakaa nyuma, wataalamu wanaongea kule mbele na ramani zao, alafu wakati wa chai watu wananijia mimi na maswali ambayo waliogopa kuuliza kwa maiki. Maswali ni yale yale kila mwaka, iwe Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir ama Garissa. Nimeyaweka hapa na majibu vile ninavyoyaelewa, na pale nilipo na maoni yangu nimesema tu ni yangu.

Kwani huku tunaelekea kukauka kabisa?

Hapana, na hapa ndio watu huchanganyikiwa manake hata wataalamu wenyewe wanakwaruzana. Tuna misimu miwili, mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Zile ndefu zimekuwa zikipungua tangu kama miaka ya 80, imepimwa, na hata mzee ambaye hajawahi kuona kipima mvua atakwambia hivyo hivyo. Lakini ukifungua modeli za kompyuta za hali ya hewa, nyingi zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikiendelea kupata joto. Macho yanaona ukame, kompyuta inaona mvua. Wataalamu wanaiita kitendawili cha hali ya hewa cha Afrika Mashariki, na bado hawajakitegua.

Chenye wanakubaliana wengi ni kwamba mvua itakuja kwa fujo. Angalia tu juzi. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 misimu mitano mfululizo iligoma, La Niña (bahari ya Pasifiki ikipoa, huku mvua inakosa) imekaa miaka mitatu, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Alafu mwisho wa 2023 El Niño, kinyume chake, ikaja na mvua nyingi, barabara ya Garissa ikakatwa na maji, watu walewale waliokuwa wanakokota mizoga ya ng'ombe mwaka uliotangulia sasa wanavushwa kwa boti. Na joto likipanda hata mvua ileile ya zamani haitoshi, manake jua linanyonya zaidi kutoka kwa udongo na majani.

Ndio maana mtu akiniambia maji yanaisha mimi humuuliza, yale ya Novemba 2023 yalienda wapi? Yalipita hapa mbele yako, umeyaona.

Na ile bahari ya maji ya Turkana waliyotangaza, iliishia wapi?

Hili ni swali namba moja, siwezi kumaliza kikao bila kuulizwa. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kuwa wamegundua maji mengi chini ya ardhi Turkana, hasa bonde la Lotikipi kule karibu na mpaka wa Sudan Kusini, na mengine karibu na Lodwar. Hesabu ya wakati huo ilikuwa kama mita za ujazo bilioni 250 zikijumlishwa zote. Magazeti yakaandika Kenya ina maji ya miaka 70, watu wakaanza kuota mashamba.

Sa elewa vile waliyapata. Walitumia picha za setilaiti na rada, wakaunganisha na ramani za miamba, alafu wakachimba mahali pachache kuhakikisha. Setilaiti inaweza kukuelekeza penye mwamba wenye uwezo wa kushika maji, lakini haionji. Walipoenda kupima zaidi Lotikipi wakakuta maji yana chumvi nyingi mno, si ya kunywa bila kusafishwa. Na hata yangekuwa matamu, pale ni mbali na kila kitu, hakuna stima, watu ni wachache na wanahamahama, usalama wenyewe unaujua.

Yale ya upande wa Lodwar ni habari nyingine. Ule mji unakunywa kutoka visima vilivyo kando ya mto Turkwel, na mchanga na kokoto za pale zinajazwa na mto wenyewe. Kwa hivyo mustakabali wa maji ya Lodwar uko kwa mto Turkwel, kuutunza usichafuliwe na mji unaopanuka juu yake. Sio habari ya kuuza magazeti, lakini ndio maji yanayonyweka leo.

Basi si tuchimbe tu visima virefu vingi zaidi?

Hapa nitakaa kidogo manake ndio kazi yangu.

Kuna mwaka nilitumwa mahali fulani, sitataja, kutengeneza kisima ambacho kila mtu alikuwa ameandika kwa ripoti kwamba "kimekauka." Nilifika nikateremsha kamba ya kupimia, maji yako pale pale yalikokuwa siku ya kuchimbwa. Kilichokufa ni jenereta. Betri imeisha na filta ya dizeli imeziba, kitu ambacho fundi wa matatu angemaliza kabla chai haijapoa. Miezi minne. Kamati ilikuwa imekusanya pesa za matengenezo, ndio, lakini mweka hazina alikuwa amehama na ngamia kufuata majani na daftari liko ndani ya sanduku lake, na sanduku liko juu ya ngamia.

Wakati huo wote kina mama walikuwa wanashuka usiku kwa laga, yaani mto wa mchanga unaokauka mvua ikiisha. Wanachimba mchanga mpaka shimo linamzidi mtu urefu, mmoja anaingia ndani na kikombe, anachota kidogo, anangoja maji yajikusanye tena, anachota. Mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kukula karibu saa nzima. Juu ya shimo mitungi ya njano imepangwa foleni, kila mmoja umewekewa jiwe ama kitambaa ndio mwenyewe ajulikane, na hakuna anayeruka foleni. Kilomita chache kutoka hapo maji ya kisima yamelala kimya chini ya jenereta iliyokufa.

Kwa hivyo nikisikia "tuchimbe 20 zaidi" huwa nauliza zile 20 za kwanza ngapi zinafanya kazi leo asubuhi. Kuchimba kuna sherehe, kuna mgeni rasmi na utepe. Hakuna mtu amewahi kukata utepe kwa filta.

Alafu kuna mambo mengine. Ukichimba unaweza kukosa maji, ama ukapata ya chumvi, na pesa imeshaingia chini. Ukipata, kijiji kinaota pale, mifugo haitoki, na miaka michache baadaye majani yamekanyagwa yakaisha pande zote, sasa una maji na huna malisho. Ndio maana huku kuna visima vya dharura ambavyo hufungwa mwaka mzuri na kufunguliwa tu ukame ukifika, na wazee wengi wanaunga mkono hiyo kuliko wanasiasa.

Na kuna swali la nani anajaza chini. Hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, ambayo inaenda mpaka Somalia na ndio imekuwa ikinywesha kambi za wakimbizi za Dadaab, maji yake mengi ni ya zamani sana, ya karne na karne, yanajazwa polepole na mto Ewaso Ng'iro ukifurika upande wa Habaswein na kinamasi cha Lorian. Huwezi kuitumia kama benki ambayo mshahara unaingia kila mwezi.

Kitu kimoja cha kutia moyo ni kwamba hayo mafuriko makubwa tunayolaani ndio hujaza chini. Pale Makutapora, Tanzania, visima vinavyonywesha Dodoma, wana rekodi ya zaidi ya miaka 50 na inaonyesha kina cha maji kinashuka polepole miaka mingi alafu kinaruka juu ghafla ukija mwaka wa mvua kubwa. Yaani miaka michache ya mvua kubwa inabeba mingine yote.

Silanga ama bwawa la mchanga, gani ni bora?

Silanga ni nzuri kwa mifugo na ni rahisi, unaleta tingatinga unachimba, mvua inajaza. Shida ni jua. Huku maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya mita 2 za kina kwa mwaka kwa mvuke peke yake. Piga hesabu na mimi: silanga ya mita 50 kwa 50, siku ya jua na upepo ikipoteza milimita 7, hizo ni lita 17,500. Mitungi 875. Siku moja! Hakuna ng'ombe amekunywa bado. Ukichimba silanga pana isiyo na kina umelichimbia jua. Chimba nyembamba na ndefu kwenda chini, panda miti upande upepo unakotoka, weka ua mifugo isiingie ndani kukojoa, na usisahau kuifukua tope, manake nyingi hujaa matope mpaka mtoto anavuka kwa miguu.

Bwawa la mchanga ni akili nyingine kabisa. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza laga, mahali mwamba uko karibu chini, mafuriko yanakuja yamebeba mchanga, mchanga unabaki nyuma ya ukuta na tope jepesi linapita juu. Baada ya misimu michache umejaza mchanga, na ndani ya ule mchanga kuna maji. Mchanga mzuri wa chembe kubwa unaweza kukurudishia kama robo ya ujazo wake. Jua likishakausha sehemu ya juu, chini ya hapo halifikii tena, mbu hawazai, na mchanga wenyewe unachuja. Kitui, Machakos na Makueni wameyajenga kwa mamia, mengine ni ya tangu enzi za mkoloni, na kuna laga kule ambapo unaona mstari wa kijani katikati ya ukame kama mtu amechora na kalamu.

Lakini usilete Ukambani kila mahali. Linataka laga yenye mchanga mkubwa, mwamba chini, na kingo imara. Laga ya udongo laini itakujazia tope na umepoteza saruji. Nimeona ukuta umejengwa pahali pabaya, mafuriko ya kwanza yakauzunguka kando yakatengeneza njia mpya, ukuta ukabaki umesimama peke yake kama mlango bila nyumba.

Alafu wauza mchanga. Malori yakianza kubeba mchanga wa ujenzi kutoka laga ile ile, wanabeba tangi lenu la maji. Hili kwa maoni yangu linastahili kelele kuliko mambo mengine yote kwenye hii orodha na ndio huwa halizungumzwi, manake mwenye lori mara nyingi yuko ndani ya ukumbi.

Kuvuna maji ya paa kuna maana kweli mahali mvua ni kidogo hivi?

Iko. Milimita 1 ya mvua kwa mita 1 ya mraba ni lita 1, shika hiyo tu. Paa la mabati la mita 6 kwa 8, mahali panapopata milimita 300 kwa mwaka, ukitoa ya kumwagika na kupotea unabaki na kama lita 11,500. Familia ya watu 6 wakitumia lita 15 kila mtu, hiyo ni miezi minne. Shule yenye paa la mita 400 za mraba inapata kama lita 96,000. Shida ni tangi, tangi ndio ghali kuliko paa. Na manyatta haina mabati, kwa hivyo anza na shule na zahanati.

Ziwa Turkana si liko pale, limejaa?

Limejaa na hata limepanda miaka ya karibuni likamezea watu nyumba, lakini ni maji ya magadi na floraidi nyingi. Karibu asilimia 90 ya maji yake yanatoka mto Omo, Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa 2016. Hakuna mto unaotoka ziwani, maji hutoka kwa mvuke peke yake, chumvi inabaki. Ni ziwa la samaki.

Maji yetu yana chumvi, tukichemsha si yatakuwa sawa?

La! Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi na floraidi haviendi popote, tena vinazidi kukolea manake maji yanapungua sufuriani. Chumvi utaijua mwenyewe, sabuni haitoi povu na chai ya maziwa inakatika. Floraidi ndio mbaya kwa sababu haina ladha. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima vinavyopita hapo kwa mbali, unaona watoto wana meno ya kahawia, na ikizidi sana inaingia kwa mifupa. Kabla kisima hakijafunguliwa ulizia karatasi ya maabara. Haki yako.

Kwa nini tusitoe chumvi kwa mashine kama Waarabu?

Inawezekana, na mashine ndogo za sola zipo tayari Kenya, mfano Kiunga kule Lamu. Maji ya bahari yanataka kama uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita ya ujazo, ya kisima chenye chumvi ya wastani yanataka umeme mdogo kuliko huo. Shida ni zile filta za ndani ambazo huziba na hazipatikani dukani, na yale maji machafu ya chumvi kali yanayobaki, mkiyamwaga nje ya ua yanarudi chini kwa kisima. Kwa zahanati na maji ya kunywa peke yake naunga mkono. Kwa ngamia, sahau.

Watu wa juu wanatumalizia mto, wataalamu wanasemaje?

Unaongelea Ewaso Ng'iro. Wanasema ni kweli na wana namba za miaka mingi: mto unaanza Mlima Kenya na Aberdare, unapita Laikipia kwenye mashamba ya mboga na maua na wakulima wadogo wengi tu, na kiangazi kinachofika Archers Post ni kidogo kuliko zamani, kuna miezi mto unakata kabisa. Kisheria kila anayevuta maji kwa pampu anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na avute kiasi alichoandikiwa. Kuna vyama vya watumiaji maji kwa vijito vingi, na vile vinavyofanya kazi vinafanya kazi vizuri, wanagawa zamu kiangazi. Wakulima wakubwa wengine wamejenga mabwawa yao ya kuhifadhi mafuriko wasiguse mto kiangazi, na hiyo ndio dawa yenyewe.

Kuhusu bwawa kubwa lililopangwa kwa mto huo huo, mahali panaitwa Crocodile Jaws, watu wa chini wamelipinga miaka mingi, wamefanya hata msafara wa ngamia, na ukikumbuka mafuriko ya huo mto ndio yanajaza Lorian na Merti utaelewa hofu yao.

Sola imemaliza shida ya dizeli?

Imepunguza sana. Lakini dizeli ilikuwa na breki yake, pesa ikiisha unazima. Sola jua likitoka inavuta, haina anayehesabu, tangi linafurika na kina cha kisima kinashuka. Weka swichi ya kuzima tangi likijaa na mita ya kupima. Na osheni paneli, vumbi la huku ni blanketi.

Maji ya boza je?

Yale yanayoletwa na lori la tangi yanaokoa maisha ukame ukikolea. Kama mpango wa kila mwaka ni aibu. Boza moja linaweza kubeba lita 10,000, na ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa kikao kimoja, kwa hivyo boza zima ni ngamia mia na limeisha.

Nani hasa anawajibika? Kila mtu anamsukumia mwingine.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Huduma ya maji iko kwa kaunti. Kibali cha kuchimba na kuvuta kiko kwa serikali kuu kupitia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Onyo la ukame linatoka kwa NDMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia ukame, wanatoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, na humo ndani wanaandika hata umbali watu na mifugo wanatembea kufika majini. Isome, huo umbali ukianza kupanda, ujue kuna kisima kimekufa mahali. Pia kuna Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia ya mapato ya taifa, uliowekwa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme maeneo yaliyoachwa nyuma. Umechelewa kufika, hilo kila mtu analijua.

Wazee walifanyaje kabla ya mashine?

Waliweka mtu. Kwa Waborana kila kisima cha asili kina aba herega, yeye ndiye anapanga zamu ya kunywesha, mifugo ya nani leo, ya nani kesho kutwa, mgeni anaingia wapi, na anayevunja zamu anajibu kwa wazee. Wasamburu laga zao kila familia inajua shimo lake, na wakinywesha wanaimba, ng'ombe wanajua wimbo wa mwenyewe wanakuja. Sa sisi tukaleta kisima cha mamilioni alafu tukaweka kamati iliyochaguliwa kwa mkutano wa saa mbili. Mahali nimeona kamati imechukua aba herega wao ikamfanya msimamizi, kisima kinadumu. Si utafiti, ni macho yangu tu.

Mabwawa makubwa kama Thwake yatatufikia?

Thwake iko Makueni na Kitui, ilianza kujengwa 2018, imepangwa kubeba mita za ujazo milioni 688. Ni ya ukanda ule. Huku tambarare na jua hili, bwawa pana ni sufuria bila kifuniko.

Nikialikwa kikao kijacho niulize nini?

Usiulize mtatuchimbia lini. Uliza vingapi vilivyochimbwa vinatoa maji wiki hii, karatasi ya maabara iko wapi, spea ziko mji gani, na pampu ikifa usiku wa Ijumaa namba ya kupiga ni ya nani. Mara ya mwisho mama mmoja aliuliza hiyo ya mwisho. Ukumbi mzima ukanyamaza, mtaalamu akaangalia karatasi zake, alafu mtu akageuka akanionyesha kidole mimi, niko nyuma na mandazi mdomoni.